Hodi ya Tatu

Uongo una raha zake, mpaka siku utakapopata watu wa kuusahihisha.

Bi Zena Kitwana alikuwa ametunga uongo kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Aliishi ghorofa ya pili ya jengo kuukuu pale Mchafukoge, jengo la ngazi moja yenye giza inayonuka sponji mpya, maana chini palikuwa na duka la magodoro. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, bintiye kaolewa Mwanza. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, lakini kila Jumatano alikaa kwenye meza ya jikoni na daftari lake, akaandika hadithi fupi ya gazeti la Jumapili. Aliandika za wake wenza waliomfungia mume kabatini, za bwana harusi aliyekimbia na viatu vya kuazima, za paka aliyekwenda kuhiji akarudi na jina jipya. Watu walisoma, wakacheka, wakafungia vitumbua.

Hadithi ya jungu ilimjia ngazini. Ilikuwa mwezi wa Shaaban, anatoka sokoni Kariakoo na kikapu cha mihogo na nazi nne. Alipokanyaga ngazi ya kwanza kichwa kilikuwa kitupu. Alipofika mlangoni kwake hadithi ilikuwa nzima, ina kichwa na mkia. Aliiandika samaki akiwa kikaangoni, na samaki hakuungua.

Ilikuwa hivi. Katika mtaa fulani, siku ya vunja jungu, siku ile ya mwisho ya kula kabla ya mfungo, majirani huzunguka na sahani za vyakula wakibishiana hodi. Kila mtu huitikiwa "Karibu", isipokuwa mmoja. Huyo mmoja hubisha hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mlango kwa mlango, na milango yote ikanyamaza. Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Wanajua tu. Basi huyo hutwikwa jungu la udongo lililojazwa makombo ya kila nyumba, na majirani hupokezana mchi wa kinu, wakalivunja jungu hapohapo lilipo, kichwani. Aliyelibeba hainuki tena. Majirani wananawa, na kesho yake wanafunga kwa roho nyeupe.

Aliimalizia kwa watoto wanaookota vigae wakachezee kombolela. Mtaa hakuutaja. Aliandika "mtaa wetu" basi, kama mtu yeyote anavyosema, na kila aliyesoma akatoa kichwa dirishani akautazama wake.

Safari hii watu hawakucheka. Leticia, mhariri wa gazeti, binti mwenye ofisi yake kule Posta, alimpigia simu Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, mama. Umetufanyia nini?"

"Marahaba. Kwani imekuwaje?"

"Simu hazipumui! Kuna wanaokulaani, wanasema umewachafua watu wa pwani. Hao nimewazoea. Kuna wanaouliza ni mtaa gani."

"Wa nini?"

"Wanataka kwenda kuangalia, mama."

Bi Zena alicheka mpaka akashika ubavu. Hakujua kwamba bado kundi la tatu.

La tatu lilianza na mzee mmoja wa Gerezani, Mzee Mwinyimvua, kofia ya viua, fimbo, pumzi ya kuazima. Alipanda ngazi zile zote, akakataa maji, akakataa kiti.

"Nimeisoma," alisema. "Umeandika vizuri, binti. Lakini mahali pamoja umekosea."

"Wapi huko, mzee wangu?"

"Mchi hauanzwi na yeyote tu. Ukuta mmoja, mchi wa kwanza. Anaanza jirani mliyegawana naye ukuta. Ndivyo ilivyo."

Bi Zena akamtazama kwa mapenzi. Mwongo humjua mwongo mwenzake kwa kiatu, na huyu alikuwa wa daraja la juu kabisa. Ingekuwa utovu wa adabu kumharibia.

"Alaa! Kweli kabisa. Hiyo niliisahau."

"Usisahau tena," alisema mzee, akashuka.

Wiki mbili baadaye yuko sokoni kwa Sabaha, muuza viungo, anapimiwa iliki. Sabaha hakuinua macho kwenye mzani. "Ukuta mmoja, mchi wa kwanza, Bi Zena. Mbona uliiruka?"

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Kwani mimi sikulelewa?"

Mwezi uliofuata Leticia akamsomea barua ya msomaji wa Kilwa, na maneno yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule. Bi Zena alihisi baridi ndogo ikimtambaa chini ya kanga, lakini ulimi wake ulikwishazoea. Kila aliyemsahihisha alimjibu, "Kweli, nilisahau." Hata shoga yake Ummy, jirani wa mlango wa pili, mtu waliyegawana naye ukuta na chumvi kwa miaka thelathini, alipomuuliza wakiwa wanachambua mchele, "Shoga, ile ni kweli au yako?", Bi Zena alijibu bila kupepesa:

"Ya kwangu ningeipatia wapi? Bibi yangu alinihadithia, Mungu amrehemu."

Bibi yake alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka ukazunguka. Shaaban ikarudi, na asubuhi moja Bi Zena aliposhuka kwenda sokoni alikuta jungu chini ya ngazi. Jungu la udongo jeusi, tumbo pana, limefudikizwa kwenye ukuta kando ya cherehani ya Beno. Juu yake kulikuwa na mchi.

Beno alikuwa fundi nguo, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake wa miaka mingi. Siku nyingine angemlaki kwa "Karibu mtumwa wangu, umeniletea chai?" na yeye angemjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani kubeba mizigo, basi abebe. Leo aliinamia pindo la suruali.

"Jungu la nani hili, mtani?"

"La kila mwaka."

"Mwaka jana lilikuwa wapi?"

Beno akachomoa pini mdomoni. Hakuonyesha utani hata kidogo. "Na wewe Bi Zena! Si hilihili uliloliandika?"

Tangu siku hiyo masikio yake yakafunguka. Alisikia akina mama kwenye foleni ya maji wakisema "siku ya jungu" kama wanavyosema Idi. Hakuna aliyesema ni jambo jipya. Alipouliza, walimtazama kama mtu anayejisahaulisha makusudi. Nao wakafanya hesabu zao kimya, nani atakayelibeba, naye akafanya yake, na hesabu yake ilimwangukia Stella wa ghorofa ya tatu, binti wa kusuka nywele, aliyegombana na jengo zima kwa ajili ya tangi la maji. Nusu mwaka ulikuwa umepita hakuna aliyemwitikia salamu. Bi Zena aliwaza kichwa kile kidogo, na ule mchi, akashindwa kula.

Akaenda kwa Ummy.

"Shoga, nisikilize. Ile hadithi niliitunga. Pale ngazini, na kikapu mkononi. Bibi yangu hata simjui sura."

Ummy alikuwa anakuna nazi. Aliachia mbuzi akacheka, akampiga kibao cha paja. "Unaona haya kwa kutoa siri ya wazee! Usijali, hakuna aliyekukasirikia."

"Ummy, wallahi niliitunga."

"Usiape, mwezi mtukufu uko mlangoni." Akaendelea kukuna.

Akapanda mwendokasi Gerezani mpaka Posta, akamkalia Leticia mbele ya meza. "Andika kwamba ni uongo. Kwa herufi kubwa."

Leticia alimtazama kwa huruma. "Mama yangu, hadithi haikanushwi. Hukanushwa habari. Nikiandika kwamba ile ni uongo, si nitakuwa nimesema zile nyingine ni kweli? Yule paka je?"

Bi Zena akarudi nyumbani amebeba jibu hilo kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Lakini usiombe mtunzi abanwe kona. Mpaka anafika Mchafukoge alikwishapata njia. Katika hadithi yake, milango yote ilibidi inyamaze. Ukiitika mmoja tu, jungu halina wa kulibeba. Basi yeye ataitika. Ataitika kila hodi ya jengo lile, ya juu na ya chini, mpaka sauti ikauke.

Siku ya vunja jungu ikafika. Baada ya sala ya alasiri Bi Zena aliweka kiti mlangoni, mlango wazi kabisa, akakaa. Jengo zima lilinuka pilau na ndizi za nazi. Hodi zikaanza kupanda na kushuka.

"Hodi!"

"Karibu!" akapaza Bi Zena, hata kama hodi ilikuwa ya mlango wa chini.

Watu wakacheka. "Bi Zena leo ndiye bawabu!" Wakamletea sahani zao. Mihogo, visheti, pilau, samaki wa kupaka. Alizipokea, akazipanga mezani. Ummy naye alimletea kaimati, akamwekea mwenyewe moja mdomoni, akaenda zake.

Ndipo akasikia hatua za Stella zikishuka toka juu.

"Hodi," Stella alibisha kwa Ummy, sauti nyembamba.

"Kari—" Bi Zena alianza, lakini Ummy alimtangulia.

"Karibu, mwanangu! Karibu ndani, yaliyopita si ndwele."

Na mlango wa chini yake, karibu. Na wa mwisho, karibu, karibu sana. Stella alipanda tena analia na kucheka, sahani imejaa vyakula vya watu. Bi Zena akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi ile alipoliona jungu. Aliwahesabu kwa vidole. Ghorofa ya kwanza, wote wameitikiwa. Ya pili, ya tatu, mpaka Beno wa chini. Hakuna aliyebaki. Jungu limekosa mtu.

Alisimama kwenda kufunga mlango, macho yakatua mezani. Sahani saba.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo si la hadithi, hilo analijua kila aliyelelewa na mama. Na hairudishwi kesho, kesho ni mfungo. Ilibidi azijaze mihogo yake, azipeleke. Katika hesabu yake yote ya vidole, kidole kimoja hakukihesabu, nacho ndicho kilichokuwa kinahesabia.

Alianza kwa Ummy, kwa kuwa ndiko miguu ilikozoea. Ndala za Ummy zilikuwa mlangoni. Ndani redio ilikuwa inaimba taarabu.

"Hodi!"

Redio ikazimwa.

Bi Zena alitabasamu kwa mdomo mkavu. "Hodi, shoga. Nakurudishia sahani."

Nyuma ya ubao wa mlango mtu alimeza mate. Alimsikia. Alisikia bangili mbili za Ummy zikigongana, halafu zikashikwa zisilie.

"Hodi, Ummy."

Kimya. Hodi tatu zikiisha, mtu mwenye adabu huondoka. Bi Zena akaondoka, sahani mkononi. Alipanda kwa Stella, akabisha tatu, akaona kivuli cha miguu chini ya mlango hakisogei. Alishuka ghorofa ya kwanza, mlango wa kulia, wa kushoto, wa mwisho. Kila mlango ulikuwa na ndala nje na pumzi ndani. Hakubisha kwa hasira, alibisha kwa adabu ileile, maana mtu wa miaka sitini na nne hajui kubisha vingine. Mihogo ikapoa.

Hakuamua kushuka mpaka chini. Ngazi ziliisha tu.

Walikuwa wamesimama wote pale, na wale aliowaacha nyuma ya milango walishuka taratibu nyuma yake mpaka wakakamilika. Nyuso zao zilikuwa laini, zimenawa. Mzee Mwinyimvua alikuwa kwenye kiti cha Beno, mikono juu ya fimbo. Jungu lilikuwa limesimama sasa, limejaa, nzi wanalizunguka.

Beno alimjia na ngata, kile kitambaa cha mviringo cha kuweka kichwani chini ya mzigo. Haikuwa ya kuviringishwa haraka. Ilikuwa imeshonwa vizuri, kanga ya maua, mshono wa pindo mbili.

"Nimekushonea laini, mtani," alisema kwa upole. "Isikuumize."

"Beno, niliitunga hii," alisema Bi Zena. Akawageukia wote. "Jamani, niliitunga mwenyewe! Jikoni kwangu!"

"Enhe," wakaitikia wote kwa pamoja, kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mhadithi ili aendelee.

Alielewa hapo. Hawa watu ukiwapunguzia hadithi hawasikii. Ukiwaongezea, wanapokea.

Wakamtwika. Lilikuwa zito kuliko alivyoliandika. Shingo ikazama mabegani, mchuzi baridi ukamchuruzikia nyuma ya sikio, na kwa pembe ya jicho akamwona Ummy akiushika mchi. Ukuta mmoja, mchi wa kwanza.

Bi Zena akasema lile analolisema kila mwanamke aliyewahi kubeba ndoo, na kila mwanamke aliyewahi kulisikia hujikuta amekwishanyanyua mikono:

"Nitue, shoga."

Mchi ukaanguka. Mikono ya Ummy ilikwenda yenyewe, miaka thelathini ya ndoo na magunia ya mkaa, ikashika jungu, ikalishusha kichwani kwa mwenzie mpaka kifuani kwake. Hapo ndipo alipogutukia alichokifanya.

"Na ndivyo ilivyo," Bi Zena alisema haraka, sauti ya mtu aliyekumbuka. "Mbeba jungu akisema nitue, jirani wa ukuta mmoja hukataa? Bibi yangu alinihadithia. Niliiacha kwa sababu gazeti lilikuwa dogo."

Wote wakamtazama Mzee Mwinyimvua. Mzee alifumba macho.

"Enhe," alisema. "Hiyo tulikuwa tumeisahau. Aliyemtua mwenzie ndiye anayebeba."

Hilo Bi Zena hakulisema. Wala hakuliwaza. Lakini watu walikwishageuka, wameinua jungu, wamelikalisha juu ya kichwa cha Ummy. Na mtu mmoja, kwa upole uleule, akaokota mchi akamtia Bi Zena mkononi. Ukuta una pande mbili.

Ummy hakulia. Alimtazama shoga yake na unga wa kaimati bado kwenye kucha. "Zena," alisema, "mwisho wake ni upi?"

Bi Zena aliinua mchi. Watu wakavuta pumzi. Akaushusha kwa nguvu zake zote, akaupitisha nusu shibiri kando ya jungu, ukapiga ngazi ya chini kikamegeka kipande cha saruji. Mtetemo ukampanda mpaka menoni.

"Limekataa!" alipiga ukelele. "Mchi wa kwanza ukikosa, jungu limekataa! Halipigwi tena mwaka huo! Atakayelipiga, mkono wake haushiki tonge!"

Nje pikipiki zilipita kama siku zote. Mzee aligonga fimbo chini mara moja.

"Limekataa," alisema.

"Limekataa," walisema wote, wakamtua Ummy. Wakaanza kuulizana habari za mwezi, kama umeandama huko Tanga, na nani ana maziwa ya daku. Mtu alimshukuru Bi Zena kwa mihogo.

Asubuhi wakafunga. Bi Zena na Ummy hawakusemeshana siku tatu. Siku ya nne Ummy akabisha hodi na bakuli la uji, na Bi Zena akaitika kabla hata neno halijamtoka mwenzie mdomoni.

Wiki ya pili ya mfungo ndipo Bi Zena aliposhuka kwenda sokoni. Jungu lilikuwa palepale ukutani, zima, limefudikizwa. Kwa Sabaha aliagiza mdalasini. Sabaha aliweka mawe ya mzani, hakuinua macho.

"Mlifanya vizuri, nasikia. Lakini mahali pamoja mmekosea. Jungu likikataa, mwaka wa pili hubebwa na wawili. Ukuta mmoja, vichwa viwili. Mbona uliiruka?"

Ulimi wa Bi Zena ukasogea wenyewe kujibu. Aliuuma mpaka ukakaa. Akachukua mdalasini wake, akarudi.

Beno alikuwa kwenye cherehani, kanga ya maua imekunjwa mapajani. Ngata moja ilikuwa imetundikwa msumarini. Ya pili ilikuwa chini ya sindano.

"Kipimo chako ninacho, mtani," alisema bila kugeuka. "Kichwa cha Bi Ummy ndicho sijakipima."

Bi Zena akasimama juu yake, kikapu mkononi.

"Kichwa cha Ummy ni kikubwa kuliko mtaa huu," alisema. "Wazee wanasema ngata yake haishonwi, kitambaa hakitoshi. Anayejaribu hupofuka."

Beno alicheka. Lakini mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.